Jiko jipya Kigamboni: tuanze na sinki, rangi itafuata

Swali la dada mmoja, nimelifupisha kidogo: "Fundi shikamoo. Tunamalizia nyumba Kigamboni, bahari sio mbali, upepo tunausikia. Jiko ni mita 3 kwa 3.6, dirisha moja linaangalia magharibi. Tailizi za chini zimeshawekwa, ni krimu zenye michirizi ya kahawia. Mimi nataka makabati meupe yanayong'aa na kaunta nyeupe, mume wangu anataka nyeusi yote kama ya hotelini. Fundi wetu anasema MDF inatosha kila mahali. Napika gesi, mkaa mara moja moja kwa maharage na makande, maji yetu ni ya kisima na yana chumvi kidogo. Tuchague rangi gani na vifaa gani? Hela sio nyingi ila nataka kitu cha kukaa."

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kufika hatua ya jiko maana wengi nyumba inaishia kwenye bati, jiko linabaki meza na mtungi miaka minne. Sasa we umeuliza rangi lakini kwenye swali lako kuna maneno matatu yamenishtua kuliko hiyo rangi: bahari, kisima, mkaa. Nipo Keko natengeneza makabati mwaka wa 17 huu, na kila mteja anakuja na simu mkononi, fundi angalia hii picha, nataka hivi hivi, na picha yenyewe jiko halina hata sufuria moja iliyotumika. Mi huwa naiangalia picha, naisifia, afu nauliza sinki litakaa wapi. Wananionaga mkorofi.

Ngoja nikusimulie kwa nini. Mwaka wangu wa nne kazini nilimtengenezea mama mmoja makabati meupe ya kung'aa, chipbodi tupu kuanzia chini mpaka juu, yalipendeza mpaka majirani wakaja kuyapiga picha. Miezi minane mbele ananipigia, fundi kuna harufu. Nikaenda, nikafungua mlango wa chini ya sinki. Kumbe ile kona ya bomba la maji machafu ilikuwa inadondosha tone, tone moja tu, sijui kila baada ya dakika ngapi, na ubao wa chini ulikuwa umevimba kama andazi, ile tepu ya pembeni imening'inia kama ulimi wa mbwa. Nikabonyeza kwa kidole, kikazama! Kikatoka na ungaunga wa kahawia umelowa. Na mlango kwa nje bado mweupe, unang'aa vile vile, ungepita hapo usingejua kitu. Nilirudia makabati ya chini yote kwa hela yangu, na toka siku hiyo rangi kwangu ni jambo la mwisho.

Kwa hiyo tuanze na fundi wako anayesema MDF inatosha kila mahali. Sio muongo, anasema nusu. MDF ni unga wa mbao na gundi vimeshindiliwa kwa joto, chipbodi ni vipande vipande na gundi, plaiwudi ni karatasi za mbao zimepangwa moja inaenda huku nyingine inakatiza. Ndo maana zinapokutana na maji kila moja ina tabia yake. Usibishane naye, fanya hivi: mwombe vipande vya mabaki, kila aina kimoja, ukubwa wa kiganja, visiwe na tepu pembeni, andika unene kwa kalamu, vitumbukize kwenye ndoo jioni, asubuhi uvitoe na upime tena. Chipbodi utaiona kwa macho hata futi huhitaji. MDF ya kawaida nayo itavimba kwenye kingo. Na ikishavimba hairudi, hata ukiianika wiki nzima. Plaiwudi nzuri ya marini, ile iliyounganishwa kwa gundi isiyoogopa maji, italowa ila itabaki na umbo lake. Kuna MDF nyingine ukiikata ndani ni ya kijani, wanaiita ya kuvumilia unyevu, na kweli ni bora kuliko ya kawaida, lakini jua kwamba ule ukijani ni rangi tu waliyochanganya kiwandani kuitambulisha, kinga yenyewe iko kwenye gundi, kwa hiyo muuza duka akikwambia "si unaona kijani dada" bado peleka kwenye ndoo.

Makabati ya juu MDF haina shida kabisa, huko maji hayafiki. Tatizo ni ya chini, na sana sana sehemu mbili, chini ya sinki na pembeni ya jiko la gesi. Kwa mtu wa Kigamboni mwenye bajeti ya kubana mi ningekushauri kitu ambacho mafundi wengi hatupendi kukisema kwa sababu kinatupunguzia kazi: makabati ya chini jenga kwa zege. Yaani visimame vikuta vyembamba vya zege, juu slabu, ndani piga plasta vizuri weka tailizi nyeupe za bei rahisi kabisa, afu mi fundi seremala nije kuweka fremu na milango tu. Mchwa hali zege, sinki likivuja unafuta kwa tambara unaendelea na maisha, na ndoo ukiiburuza ndani hakuna kinachochubuka. Watu wanasema ni ushamba, ni mambo ya bibi. Ukishaweka mlango mzuri kwa mbele nani anajua nyuma kuna zege? Ubaya wake ni mmoja, hutobadilisha mawazo. Ukishamwaga umemwaga, kwa hiyo chora chini kwa chaki kwanza, simama, zunguka, fungua mlango wa friji wa kufikirika, jifanye unageuka na sufuria ya moto.

Ukiikataa zege basi mabox ya chini yawe plaiwudi ya marini ya milimita 18, na yasikae sakafuni moja kwa moja, yanyanyuliwe sentimita 10 kwa miguu ya plastiki au kibao cha zege, maana kwetu jiko linaoshwa kwa ndoo na fagio, hatufuti na kitambaa kama kwenye zile picha. Kingo zote zifungwe tepu, hata zile zisizoonekana, hasa zile zisizoonekana maana ndo fundi anaziruka. Na tundu la kupitishia bomba lipakwe silikoni pande zote, pale ndo maji yanapoingilia.

Kuna wanaouza bodi za PVC siku hizi, plastiki tupu, maji hayaingii, mchwa haigusi. Kweli. Ila skrubu haishiki vizuri kama kwenye mbao, shelfu ndefu ikibebeshwa sahani za udongo inapinda katikati, na karibu na moto inalegea. Kwa boksi la chini ya sinki peke yake ni sawa, jiko zima hapana.

Milango sasa. Hapa ndo macho yanaangalia kwa hiyo hapa ndo utumie hela. Ukiwa na uwezo wa mbao ngumu, mninga ndo mtamu, unatulia ukishakauka, haupindi pindi hovyo, na ile michirizi yake ya kahawia ya dhahabu dada itaongea na tailizi zako kama vile ulipanga. Mkongo mzito zaidi na wekundu umezidi kidogo. Mtiki wa kupandwa, ule wa Longuza na Mtibwa, nao ni mzuri sana, una mafuta yake ya asili, maji unayavumilia. Mninga umekuwa adimu na bei inapanda, ukinunua ununue wenye alama ya nyundo ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na risiti, sio ule wa kuletwa usiku. Kubwa kuliko jina la mti ni ukavu. Mbao mbichi hata iwe ya mti gani mlango utapinda, leo unafunga vizuri, baada ya miezi mitatu kona moja imechungulia nje. Mi kipimo changu cha haraka naigonga kwa kifundo cha kidole, kavu inalia, mbichi inanyamaza, afu naiweka shavuni, mbichi ina ubaridi. Ukiwa na muda mwambie fundi mbao zikae ndani ya nyumba yako yenyewe hata wiki tatu nne kabla hajazikata, zizoee hewa ya hapo.

Hela ikigoma, mlango wa MDF uliopigwa spreya ni sawa tu, mlango hausimami majini. Ila sio ule wa kuvalishwa ngozi ya plastiki karibu na oveni, ile joto likipanda inabanduka kwenye kona kama plasta ya kidonda. Acha nafasi kati ya jiko na mlango wa pembeni, na uwe unafungua oveni baada ya kuzima mvuke ukiwa umepungua.

Na vyuma! Karibu na bahari bawaba za bei chee zinaota kutu kabla hujamaliza kulipa deni la fundi. Ukienda Kariakoo utaambiwa hii stenlesi, afu muuzaji anatoa sumaku, angalia haishiki, ni stenlesi orijino. Usidanganyike na huo mchezo. Kuna stenlesi aina ya 201 na kuna 304, zote sumaku huwa haizishiki au inashika kwa mbali tu, na kwenye chumvi ya bahari kati ya hizo mbili ni 304 ndo inahimili zaidi. Kwa hiyo tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma, na kwenye sinki pia, sinki kabla ya kitu chochote. Mi bora nikose droo mbili nikapata bawaba nzuri.

Haya, kaunta, ambapo ndo ugomvi wako na shemeji ulipo.

Nyeupe yako kwanza. Kaunta nyeupe ninazoziona mjini ni za aina tatu, mabo, kwozi, na tailizi. Mabo ni jiwe zuri sana kuliangalia, ila kemia yake ni ndugu na chokaa, na chokaa na asidi haviivani. Sisi tunapika na ndimu, siki, nyanya, ukwaju, embe mbichi. Nenda dukani na ndimu kwenye mkoba, mi siogopi kufanya hivi na wananijua, omba kipande cha mabaki, kamulia matone, subiri dakika kumi na tano, futa, afu kiinamishe kipande kuelekea mwanga ukitazame kwa upande. Kama ni mabo utaona duara limefifia, mng'ao umekufa pale pale matone yalipokaa. Hilo halisafishiki kwa sabuni maana sio uchafu, jiwe limeliwa. Terazo nayo ina vipande vya mabo na saruji ndani yake, kwa hiyo ndimu inailia vile vile ingawa madoadoa yake yanaficha, na mimi terazo naipenda kwa kweli, zile nyumba za zamani za Upanga bado zina sakafu za terazo zinazotia aibu tailizi za leo.

Kwozi ni mchanga wa jiwe gumu uliosagwa ukashikizwa na gundi ya plastiki, jiwe ni zaidi ya asilimia 90. Ndimu haiogopi. Inaogopa moto, ile gundi sufuria ikitoka jikoni ikatua juu yake inaacha alama ya njano au inapasuka, na sisi tabia ya kutafuta kibao cha kuwekea sufuria hatuna, tusidanganyane. Afu nyeupe yoyote iwe kwozi iwe tailizi ina maadui wawili wa Kiswahili kabisa. Wa kwanza manjano. Umepika mchuzi wa samaki, tone limedondoka usiku hukuliona, asubuhi kuna doa la dhahabu. Hilo usilisugue kwa steliwaya utachubua, safisha kwa sabuni afu kama jua linafika pale liache lipigwe, rangi ya manjano inakufa kwa jua, siku moja mbili limepauka. Wa pili sufuria zetu za alumini. Iburute sufuria juu ya kaunta nyeupe isiyo na mng'ao uone, inachora mstari wa kijivu kama penseli. Wateja wananipigia kaunta imepata nyufa, nafika nakuta sio nyufa ni alumini, inatoka kwa dawa ya kusugulia yenye ungaunga laini ila utakuwa unasugua kila wiki.

Ya shemeji sasa, nyeusi kama hotelini. Granaiti nyeusi iliyosuguliwa ni jiwe la maana, gumu, moto haogopi, ndimu haogopi, na mwambie shemeji hajakosea jiwe, amekosea maji. Maji yenye chumvi kila tone likikauka juu ya nyeusi linaacha duara jeupe. Kuzunguka bomba patakuwa na ukungu mweupe wa kudumu, unafuta asubuhi, mchana umerudi, na kila ukifuta kwa siki ukungu unaisha ila wewe umechoka. Hoteli ina mtu wa zamu anashinda na kitambaa mkononi. We una nani? Halafu vumbi na vidole, vyote kwenye nyeusi vinaonekana kama umechora kwa chaki. Na kuna nyeusi nyingine dukani zimepakwa rangi jiwe likiwa la kijivu, hiyo chukua pamba na dawa ya kutolea rangi ya kucha, sugua pembeni, pamba ikitoka nyeusi rudisha jiwe kwa adabu na uage.

Mi kwako ningeweka granaiti ya rangi ya kati yenye madoadoa, kijivu cha joto au ile ya kahawia hafifu yenye chembe nyeusi na za krimu. Chembe za krimu zinaokota rangi ya sakafu yako, chembe nyeusi zinamridhisha shemeji, na yale madoadoa yanaficha chumvi, makombo ya mkate na chai iliyomwagika mpaka utakapopata nafasi ya kufuta. Unene milimita 20, na ipakwe sila, ile dawa ya kuziba vitundu vidogo vya jiwe. Kujua kama inahitaji tena, dondoshea maji, yakikaa kama vidonge sawa, yakinywewa na jiwe likawa jeusi pale basi paka tena. Pima hivyo kila mwaka.

Kitu kimoja wala hujaniuliza. Fundi wa kukata jiwe asikatie ndani ya nyumba yako kikavu kavu, akate kwa maji na avae barakoa ya kueleweka sio kitambaa. Vumbi lile linaua mapafu taratibu. Kwozi ndo mbaya zaidi, Australia waliipiga marufuku kuanzia Julai 2024 kwa sababu ya mafundi kuugua. Huku vijana wanakata wamefunga leso puani, nikiona roho inaniuma.

Haya rangi. Umenivumilia.

Rangi haichaguliwi hewani, inachaguliwa kutokea kwenye kile ambacho huwezi kukibadilisha, na kwako hicho ni sakafu. Krimu yenye michirizi ya kahawia ni rangi ya joto, ina unjano ndani. Ukiiwekea nyeupe ile ya barafu, yenye ubluu, sakafu itaonekana chafu kila siku hata uioshe na jiki, na wewe utadhani dada wa kazi hafanyi kazi. Nimeona ndoa ya mtu na dada wa kazi ikivunjika kwa jambo hilo hilo, kumbe ni rangi zinagombana. Kujua rangi ina nini ndani yake chukua karatasi nyeupe ya fotokopi, iweke pembeni ya tailizi, afu pembeni ya sampuli ya mlango. Peke yake kila nyeupe ni nyeupe, ikikaa na karatasi ndo unaona hii ina unjano, hii ina ubluu, hii ina uwaridi. Chagua ile inayokwenda upande mmoja na sakafu, yaani nyeupe ya maziwa ya mtindi, au ya tui la nazi la kwanza, lile zito.

Dirisha lako la magharibi lina mambo. Asubuhi jiko litakuwa na mwanga wa baridi, wa kutulia, kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia lenyewe, saa kumi na moja kila kitu ni cha chungwa. Nyeupe ya mtindi saa hiyo itaonekana kama siagi, mninga utawaka. Kwa hiyo usichague rangi dukani chini ya taa. Nunua kopo dogo, paka kwenye bodi mbili za ukubwa wa gazeti, moja iegemeze ukuta wa dirisha, nyingine ukuta unaotazamana nalo, zikae siku tatu, uziangalie asubuhi, saa kumi jioni na usiku taa ikiwaka. Na taa zenyewe, taa nyingi za madukani ni zile nyeupe za ubluu, kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), zinaua nyama na nyanya ukiziangalia, chakula kinaonekana cha jana. Tafuta ya kelvini 4000 kwa jiko, imeandikwa kwenye boksi. Kubadilisha balbu ni rahisi kuliko kubadilisha makabati, wengine wamekuja kwangu kulalamikia rangi nikawabadilishia balbu tu.

Mgawanyo ningefanya hivi. Juu, makabati meupe ya mtindi, mng'ao wa kati, sio ule wa kioo. Unaoutaka wewe wa kioo unafutika vizuri sikatai, ila mikwaruzo yote unaitangaza, na ile isiyo na mng'ao kabisa inashika alama za vidole vyenye mafuta. Katikati ndo salama. Chini, milango ya mninga kama hela ipo, na kama haipo basi MDF ya spreya rangi ya kijani cha mzeituni kilichopauka au bluu ya kijivu, rangi ambayo goti la mtoto na teke la mlango havionekani. Spreya hiyo ulizia isiyogeuka njano, maana rangi nyeupe za mafuta za kawaida jikoni zinageuka kama meno ya mvuta sigara, hasa nyuma ya milango pasipo na mwanga.

Bluu nimeitaja nikakumbuka mwalimu wangu wa useremala, alikuwa na hadithi moja anairudia kila muhula. Mwaka 1926 mwanamama wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu wa majengo, alichora jiko la nyumba za mji wa Frankfurt, dogo kuliko lako, zikajengwa kama elfu kumi, na milango ikapakwa bluu kwa sababu waliamini nzi hapendi kutua kwenye bluu. Droo za unga zilikuwa za mti wa mwaloni ili kuzuia wadudu. Habari ya nzi sijawahi kuiona ikifanya kazi hapa kwetu, nzi wa Kigamboni anatua popote. Ila mwalimu alikuwa anatuuliza, huyu mama alianza na rangi au alianza na unga?

Ukuta kati ya kaunta na makabati ya juu weka tailizi, zipande mpaka chini ya kabati bila kuacha mwanya, na nyuma ya jiko la gesi zipande mpaka kwenye hudi, kile kifaa cha kuvuta moshi, au dari. Tailizi kubwa kubwa, viungo vichache. Grauti, ile ya kujazia viungo vya tailizi, usiweke nyeupe nakuomba, weka rangi ya kijivu cha mchanga, nyeupe mwaka mmoja tu imekuwa na ramani ya mafuta. Ukuta uliobaki paka rangi ya silki ya kufutika, krimu hiyo hiyo ila iliyopauka hatua moja.

Mkaa sasa, na hapa nakuwa mkali kama kaka. Maharage na makande yapikiwe nje, kibaraza cha nyuma, weka kijikaunta cha zege na paa dogo, hakitakugharimu. Mkaa ndani ya jiko la mita 3 kwa 3.6 makabati meupe yatapata masizi kwenye dari na pembe za juu, lakini hiyo ndo shida ndogo, kubwa ni hewa ya mkaa yenyewe, haina harufu na inaua watu wamefunga madirisha. Na mtungi wa gesi ukae nje kwenye kibanda chenye matundu, mpira upite ukutani. Ukilazimika kuuweka kabatini, kabati liwe na matundu ya hewa CHINI kabisa, sio juu tu, na yatokeze nje ya nyumba, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni inasubiri kiberiti. Mafundi wengi wanatoboa juu tu kwa ajili ya urembo.

Na kimo, kidogo tu. Kaunta watakujengea sentimita 90 kama kwenye katalogi. Panda jiko la gesi juu yake, panda sufuria, afu songa ugali wa watu saba uone bega lako litakwambia nini. Ile sehemu ya jiko ishushe, iwe 75 hivi kutegemea urefu wako, simama na mwiko mkononi fundi apime kiwiko. Zege linaruhusu, ndo uzuri wake.

Kwa hiyo wiki hii usinunue rangi. Mwite fundi bomba kwanza, chora chaki, tafuta sinki la 304, fanya majaribio ya ndoo, afu uende kwenye mawe na ndimu yako na kipande cha tailizi ya sakafu mkononi, kipande chenyewe sio picha. Ukipata jiwe litoe nje ya duka juani ulilaze juu ya tailizi ndo unitumie picha, nitakwambia nyeupe ipi. Shemeji naye asinune, mwambie vishikio vyote vya milango vitakuwa vyeusi, na achague yeye.